Mume wangu anavua dagaa usiku na kidonda chake hakifungi: je, ni saa ya mwili?

SWALI

Shikamoo Daktari. Ninaandika kutoka Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza. Mume wangu ana miaka 44 na ni mvuvi wa dagaa. Siku za giza hutoka mwaloni saa 12 jioni na kurudi saa 1 au saa 2 asubuhi, karibu majuma matatu mfululizo. Mwezi ukikua wanapumzika kama juma moja, halafu wanaanza tena.

Wiki sita zilizopita, saa 8 usiku wakivuta nyavu, aligonga ugoko kwenye ukingo wa mtumbwi. Kidonda hakikuwa kirefu wala kipana. Mpaka leo hakijafunga. Ninakiosha kwa spiriti na kumwagia unga wa kapsuli za rangi mbili. Kinakauka juu, kisha kinachimbika tena. Tumbo lake limeongezeka, na siku za mbalamwezi usiku halali, anakaa na simu hadi alfajiri, mchana anasinzia na kukasirika. Majini anakula ugali na samaki saa 7 usiku, na kunywa kopo moja au mawili ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea udaktari, alipokuja likizo alituambia kwamba kila seli ina jeni za saa zinazoamua lini ikue na kugawanyika, na kwamba jeraha la usiku hupona polepole kuliko la mchana. Jirani akadakia kwamba kazi ya usiku inaleta saratani. Ni kweli? Nimpe chakula saa ngapi? Na mwanetu wa miaka 15 anataka kwenda ziwani na baba yake likizo ya Juni. Haitamzuia kukua?

Mama wa Watatu, Kayenze

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Huyo mtoto wa kaka yako amesema kweli, ila kweli hiyo haitoshi kueleza kidonda cha wiki sita. Kwa hiyo naanza na kidonda, saa za seli zitafuata.

Mpeleke kituo cha afya wiki hii, msisubiri mbalamwezi. Mwanamume wa miaka 44 mwenye tumbo linaloongezeka na kidonda cha mguuni kisichofunga apimwe sukari kabla ya jambo lingine lolote. Kipimo cha papo hapo kikisoma milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, na ana dalili kama kiu kali au kukojoa mara kwa mara, hicho ni kisukari. Kipimo cha kufunga kula, kikomo chake ni 7.0, na hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Hapa kuna jambo ambalo wavuvi wengi hawaambiwi: kipimo cha kufunga kilichochukuliwa asubuhi baada ya kukesha majini kinaweza kupotosha, kwa sababu kukesha kwenyewe hupandisha sukari. Amweleze mhudumu kwamba ametoka kazini usiku kucha. Mahali penye kipimo cha HbA1c, kama hospitali ya mkoa au Bugando, aombe hicho, maana huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu na hakiyumbishwi na usiku mmoja. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari.

Wamwangalie pia mapigo ya damu kwenye unyayo, dalili za maambukizi, na chanjo ya pepopunda. Ngozi inayozunguka kidonda ikiwa nyekundu na ya moto, wekundu ukipanda mguuni, usaha ukinuka, au homa ikija, aende siku hiyohiyo.

Nyumbani acha spiriti na acha unga wa rangi mbili. Spiriti huua hata seli changa zinazojaribu kufunga kidonda, na unga wa kapsuli hugeuka gaga linalofungia uchafu chini yake. Ndiyo maana unaona kinakauka juu kisha kinachimbika. Chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazishwa, yapoe, oshea hayo. Paka vaselini safi kidogo, funika kwa gozi, badilisha kila siku na kila inapolowa. Akisukuma mtumbwi maji ya ziwa hulainisha ngozi na kuingiza vijidudu, kwa hiyo akiweza apumzike mpaka kifunge. Asipoweza, avae buti ndefu za mpira na abadilishe kifunika akishatua. Pima urefu na upana wa kidonda kwa rula kila Jumapili na uandike. Kidonda kinachotunzwa vizuri kisipopungua angalau kwa nusu ndani ya wiki nne kina sababu nyingine, na lazima kichunguzwe upya.

Chakula cha kujenga ngozi ni protini, kama gramu 90 hadi 100 kwa siku kwa mtu wa kilo 70 mwenye kidonda. Unayo mlangoni: gramu 50 za dagaa wakavu hutoa gramu 25 au zaidi. Ongeza maharage, mayai, na mapera au machungwa kwa ajili ya vitamini C, kwa kuwa bila hiyo mwili hautengenezi kolajeni imara, protini inayoshikilia ngozi.

Sasa hizo jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna jeni mbili, CLOCK na BMAL1, ambazo protini zake hushikana na kuwasha jeni nyingine nyingi, zikiwemo za kundi la PER na CRY. Protini za PER na CRY hujilimbikiza kwa saa kadhaa, huingia kwenye kiini cha seli na kuzima zile mbili zilizoziwasha. Baadaye huvunjwavunjwa, CLOCK na BMAL1 zinaachiwa, na mzunguko unaanza upya. Kwa binadamu mzunguko mmoja ni wastani wa saa 24 na dakika kama 10. Jeni ya kwanza ya aina hii, period, iligunduliwa kwa inzi wadogo wa matunda na Ronald Konopka na Seymour Benzer mwaka 1971. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua inavyofanya kazi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Mzunguko huo unashika ukuaji wa seli moja kwa moja. CLOCK na BMAL1 huwasha jeni ya WEE1, ambayo protini yake huizuia seli isigawanyike kabla ya wakati. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliwakata panya wa maabara sehemu ya ini na kuona kwamba saa ambayo seli za ini zilianza kugawanyika ili kulijaza pengo ilitegemea saa ya siku ambayo panya alipasuliwa, na WEE1 ndiyo iliyokuwa mlinzi. Jeni nyingine za kuharakisha au kupunguza mgawanyiko, kama c-Myc na p21, nazo zinaguswa na saa hii. Panya walioondolewa BMAL1 huzeeka mapema mno: misuli hunywea, mafuta ya chini ya ngozi hupungua, macho huingiwa na mtoto wa jicho, na huishi wastani wa wiki 37 tu, ilhali panya wa kawaida hupita miaka miwili. Sisemi hayo yatampata mumeo, jeni zake zipo zote. Nasema ili uone kwamba saa hii hufanya mengi kuliko kuleta usingizi, inapanga matengenezo ya mwili mzima.

Kuhusu majeraha, utafiti aliousikia huenda ni ule wa Cambridge wa mwaka 2017. Walipitia kumbukumbu za wagonjwa 118 walioungua nchini Uingereza. Walioungua mchana walifikia asilimia 95 ya kupona kwa wastani wa siku 17. Walioungua kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi walichukua siku 28. Katika maabara sababu ilionekana kwenye fibroblasti, seli zinazotambaa kuingia kwenye jeraha na kuliwekea kolajeni. Ili kutambaa zinahitaji nyuzi za protini ya aktini, na saa ya ndani ya seli huzipanga nyuzi hizo ziwe tayari zaidi wakati wa mchana wa seli. Zikijeruhiwa katika awamu yake ya usiku, huanza safari zikiwa nzito.

Angalia hesabu lakini, mama. Tofauti ni siku 11, na wale walikuwa wameungua, hawakugonga ugoko. Mumeo amepitisha siku 42. Saa ya mwili inaweza kuwa imechangia, ila kuna kitu kingine kinachokishikilia kidonda wazi, na ndiyo maana nimeanza na sukari.

Kinachoniumiza zaidi katika barua yako ni mpangilio wa giza na mbalamwezi. Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kishada cha chembe za neva kama 20,000. Hicho ni nahodha, na ini, misuli, ngozi na kongosho ni wapiga makasia. Nahodha hufuata mwanga unaoingia machoni. Lakini ini husikiliza pia saa ya kula: mwaka 2000 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba panya wakilishwa wakati wao wa kulala tu, saa ya ini inageuka huku ya ubongo ikibaki palepale. Misuli nayo husikiliza kazi. Mumeo akila ugali saa 7 usiku, ini linaambiwa ni mchana, na jua la asubuhi likimpiga usoni akitua, ubongo unaambiwa siku ndiyo inaanza. Viungo vyake havipigi kasia pamoja.

Tena saa ya ubongo husogea kwa takriban saa moja tu kwa siku. Kugeuza usiku kuwa mchana kunadai saa nane hadi kumi. Juma la mbalamwezi linakwisha kabla saa haijafika, na giza linarudi. Kwa hiyo simshauri ajaribu kugeuka kabisa kila mwezi. Atafute katikati na akae hapo.

Siku za giza alale vipande viwili: cha kwanza saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, cha pili saa moja na nusu kuanzia saa 9 alasiri. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuri kuanzia adhuhuri, ndiyo maana nimeugawa usingizi. Mpe chumba ambacho jua la mchana halikipigi, pazia zito jeusi au kitenge kilichokunjwa mara mbili, na chandarua hata kama ni mchana. Siku za mbalamwezi alale saa 7 usiku hadi saa 3 asubuhi. Akijilazimisha kulala saa 3 usiku siku ya kwanza atagaragara tu na kuishia kwenye simu, kama unavyomwona sasa. Simu aiweke mbali kuanzia saa 6.

Mwanga ndio wenye nguvu kuliko vyote. Taa za LED zinazotumika sasa kuvutia dagaa zina bluu nyingi kuliko karabai za zamani, na melanopsini, kemikali ya jichoni inayoipa taarifa ile saa ya ubongo, hushtuka zaidi kwa bluu. Mwanga wa mwanzo wa usiku hauna ubaya kwake, unamweka macho na kumsaidia kulala asubuhi. Kuanzia kama saa 9 usiku taa zikiwa zinaelea, akae akizipa mgongo, na taa ya kichwani aiweke kwenye nguvu ndogo. Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo daima linamkuta njiani. Akishatua, na si akiwa bado majini ambako anahitaji kuona vizuri, avae kofia pana na miwani ya giza, aende moja kwa moja ndani. Kuanika dagaa kwenye chanja asubuhi hiyo afanye mtu mwingine. Jua la wazi lina mwanga mara mia na zaidi kuliko taa ya chumbani, na nusu saa kwenye chanja inatosha kumharibia usingizi wa siku.

Chakula ndipo wewe una mkono mrefu zaidi. Usiku melatonini, homoni ya giza, ikiwa juu, kongosho hutoa kwa uvivu insulini, homoni inayoshusha sukari, na sukari ya chakula kilekile hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko mchana. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliwaweka watu 19 vijana katika ratiba ya kazi ya usiku. Waliokula usiku na mchana wastani wa sukari yao ulipanda kwa asilimia 6.4. Waliokula mchana pekee haikupanda kwa kiasi cha maana. Wote walikesha vilevile. Saa ya kula peke yake ilitosha kuleta tofauti, na hicho ni kitu ambacho unaweza kukibadilisha kesho.

Basi mlo mkubwa aupate saa 10 na nusu au saa 11 jioni kabla ya kutoka: ugali, samaki, mboga. Kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri asile kitu kizito. Njaa ikimbana, yai la kuchemsha au karanga konzi moja, na maji safi kutoka nyumbani. Akirudi apate uji mwepesi usio na sukari nyingi, alale, na akiamka saa 7 apate mlo wa pili kamili. Siku tatu za kwanza atalalamika kwamba ananyong'onyea, tumbo limezoea. Kama kipimo kitaonyesha kisukari na akapewa dawa, usiondoe mlo wa usiku kabla ya kumuuliza aliyeziandika, kwa sababu dawa fulani zikimezwa bila chakula hushusha sukari kupita kiasi, na kuzimia majini ni kifo.

Vile vinywaji aviache. Kopo la mililita 250 huwa na sukari kama gramu 25, ambavyo ni vijiko sita vya chai, na anavinywa saa ambayo kongosho haliko tayari. Akitaka kuchangamka anywe kahawa ya kawaida bila sukari, kikombe cha mwisho saa 9 usiku. Kafeini hubaki nusu yake mwilini baada ya kama saa tano, hivyo ya alfajiri itamfuata kitandani. Usingizi wa dakika 20 mtumbwini, amevaa jaketi la kuokolea na mwenzake yuko macho, una faida kuliko kopo la tatu.

Jirani kuhusu saratani hakukosea kabisa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka kazi ya usiku katika kundi 2A, yaani inayoelekea kusababisha saratani, mwaka 2007, na likarudia msimamo huo mwaka 2019. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari kwa mtu mmoja. Sigara na pombe kali kambini vina hatari kubwa kuliko giza lenyewe, kwa hiyo kama anavuta, hapo ndipo pa kuanzia. Ila kidonda kinachokaa miezi, kingo zake zikiinuka au kuwa ngumu, kikatwe kipande kidogo na kupimwa, maana kidonda sugu huweza kugeuka saratani ya ngozi. Wiki sita bado ni mapema kwa hofu hiyo.

Mwanao, hapana, asiende. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Akikosa usingizi huo mwili hufidia kiasi mchana, kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba likizo moja itamfupisha. Lakini kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi za kulala, na hatazipata mtumbwini wala kwenye nyumba ya bati saa 7 mchana. Zaidi ya hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na ziwa la usiku halina huruma kwa mtu anayesinzia. Kama anataka kumsaidia baba yake likizo ya Juni, ile kazi ya chanja ya saa 1 asubuhi inamsubiri. Atakuwa amelala vizuri, jua la asubuhi litaiweka sawa saa yake, na baba yake ataingia ndani kulala bila kugusa dagaa.